Huria, Wazi na Faragha: Uhakiki wa Istilahi Tatu za Programu za Ofisi

Utangulizi

Uhakiki wa istilahi za Kiswahili umezoea kuuliza maswali mawili. La kwanza ni kama neno limeundwa kwa kufuata kanuni za lugha. La pili ni kama neno hilo limepokewa na wazungumzaji. Mabishano ya miaka mingi juu ya kompyuta, tarakilishi na ngamizi yalihusu maswali hayo mawili tu, na matokeo yake yanajulikana: kila neno limebaki na watu wake, na kazi inaendelea. Hakuna aliyepata hasara kubwa kwa kuiita mashine jina moja badala ya jingine, kwa kuwa mashine yenyewe i mbele ya macho yake.

Hali si hiyo kwa istilahi zinazotaja mambo yasiyoonekana. Mtu akiambiwa kwamba programu anayoandikia ni huria, kwamba hati yake imehifadhiwa kwa kiwango kilicho wazi, na kwamba faragha yake inalindwa, hana kitu cha kukitazama ili aisahihishe maana aliyoipata katika neno. Neno likimwelekeza vibaya atakosea katika jambo kubwa: ataogopa kisichotisha, au atajiamini mahali pasipostahili kuaminiwa.

Makala haya yanakusudia kuyahakiki maneno hayo matatu kama yanavyotumika kuelezea programu za ofisi, yaani programu za kuandikia, za majedwali ya hesabu na za mawasilisho. Hoja inayotetewa ni kwamba neno la kwanza linafaa na lidumishwe. La pili linapotosha na inafaa libadilishwe. La tatu ni zuri, ila limefinywa maana, na utamaduni wa Waswahili una njia ya kulipanua ambayo watafsiri hawajaitumia.

Historia fupi ya vitu vyenyewe

Kabla ya kuyahakiki majina, hapana budi kuvieleza vitu vinavyotajwa. Programu ya ofisi iitwayo StarOffice ilitungwa Ujerumani na kampuni ya Star Division. Mwaka 1999 kampuni ya Sun Microsystems ya Marekani iliinunua, na mwaka 2000 ikautoa msimbo wake hadharani, ndipo ukazaliwa mradi wa OpenOffice.org. Sun nayo ilinunuliwa na Oracle mwaka 2010. Septemba mwaka huohuo sehemu kubwa ya watengenezaji ilijitenga, ikaanzisha The Document Foundation, na programu yao ikapewa jina la LibreOffice.

Kiswahili hakikuchelewa kuingia katika safari hiyo. Desemba 2004 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kwa kushirikiana na kampuni ya IT46 ya Sweden na kwa msaada wa shirika la Sida, kilitoa Jambo OpenOffice, programu ya ofisi yenye menyu na maelezo ya Kiswahili, iliyokuwa tunda la mradi ulioitwa Kilinux. Katika miaka hiyohiyo kampuni ya Microsoft nayo ilitayarisha kiolesura cha Kiswahili kwa ajili ya programu zake.

Jambo la pili ni muundo wa faili, ambao watafsiri wengine huuita umbizo. Kwa miaka mingi kila kampuni ilikuwa na muundo wake, nao ulikuwa siri ya kampuni. Mwishoni mwa mwaka 2002 shirika la viwango liitwalo OASIS liliunda kamati ya kutayarisha muundo ambao ungechapishwa na kutumiwa na yeyote. Muundo huo, ujulikanao kwa kifupi kama ODF, ulipitishwa na OASIS Mei 2005, na mwaka 2006 ukawa kiwango cha kimataifa chenye nambari ISO/IEC 26300. Jambo OpenOffice ilitangulia kidogo: hati zake zilihifadhiwa kwa muundo wa kale wa OpenOffice, ambao ndio uliokuwa msingi wa ODF. Microsoft ilijibu kwa muundo wake wa OOXML, uliopitishwa na shirika la Ecma mwaka 2006. Katika kura ya ISO ya Septemba 2007 muundo huo haukupata kura za kutosha. Ulipita mwaka 2008, na Afrika Kusini, Brazil, India na Venezuela zikakata rufaa ambazo hazikufaulu.

Katika historia hii fupi mna mambo matatu yaliyo mbalimbali: programu, muundo wa faili, na mtu anayevitumia vyote viwili. Kosa kubwa la istilahi, kama itakavyoonekana, ni kuyachanganya matatu hayo.

Huria

Neno huria halikuwa la lazima. Maneno mengine mawili yalikuwepo, na yote mawili yangaliweza kuchukuliwa.

La kwanza ni bure. Kiingereza hutumia neno moja kwa kitu kisicholipiwa na kwa kitu kisicho na kizuizi, na Richard Stallman, aliyetangaza mradi wa GNU mwaka 1983 na kuanzisha Free Software Foundation mwaka 1985, alilazimika kueleza mara kwa mara kwamba alikusudia maana ya pili. Uhuru anaoutaja ni wa aina nne: kuitumia programu kwa kusudi lolote, kuichunguza inavyofanya kazi, kuibadilisha, na kuigawa kwa wengine ama kama ilivyo au baada ya kuibadilisha. Mswahili hana tatizo hilo la neno moja, lakini analo jingine. Bure katika Kiswahili ni kisicholipiwa, na pia ni kisicho na faida: mtu hufa bure, fedha hupotea bure, na maneno ya bure ni maneno yasiyo na maana. Programu ikiitwa ya bure hushukiwa kabla ya kujaribiwa. Aidha, programu nyingi zisizolipiwa hazimpi mtumiaji hata uhuru mmoja katika zile nne. Hivyo bure linakosea mara mbili: linadharau kile kinachostahili heshima, na linaviweka kundi moja vitu visivyofanana.

Neno la pili ni huru. Hili ni neno zito katika historia ya Afrika ya Mashariki. Katika mwambao, kabla na hata baada ya hadhi ya utumwa kufutwa kisheria, Unguja mwaka 1897 na pwani ya Kenya mwaka 1907, huru lilitajwa kwa mtumwa aliyeachwa na bwana wake. Baadaye likapanda daraja likawa sifa ya nchi. Katika matumizi yote mawili huru ni hadhi ya yule aliyekuwa amefungwa. Basi programu huru ingemaanisha kwamba programu ndiyo iliyofunguliwa minyororo, hali kinachodaiwa ni uhuru wa mtu anayeitumia.

Huria linaepuka kosa hilo. Asili yake ni nomino ya Kiarabu yenye maana ya uhuru, lakini katika Kiswahili cha leo limejipatia kazi yake maalumu: hueleza sifa ya mahali au mpango ambao watu huuingia bila kuzuiwa. Soko huria si soko lililoachwa huru. Ni soko ambamo wafanyabiashara wana uhuru. Chuo Kikuu Huria cha Tanzania, kilichoanzishwa kwa sheria ya mwaka 1992, ni chuo ambacho milango yake imepanuliwa kwa wanafunzi wasioweza kukaa bwenini na kuhudhuria madarasa. Kwa kipimo hiki programu huria ni programu ambamo watumiaji wana uhuru, na hilo ndilo hasa linalokusudiwa. Isitoshe, watetezi wa programu hizo wenyewe waligawanyika mwaka 1998, baadhi yao walipoanza kusisitiza msimbo uliotolewa hadharani badala ya uhuru wa mtumiaji. Kiswahili kwa neno moja kimezikusanya pande zote mbili, wala hakikulazimika kuingia katika ugomvi wao.

Liko pingamizi moja linalostahili kujibiwa. Soko huria limewaachia wengi kumbukumbu chungu ya miaka ya 1980 na 1990, wakati huria lilipoonekana kuwa na maana ya mwenye nguvu mpishe. Kwa hiyo yawezekana programu huria ikaeleweka kuwa programu isiyo na sheria. Ukweli ni kinyume: programu hizi zina leseni zilizoandikwa kwa uangalifu, na baadhi ya leseni hizo humzuia mtu asiwanyime wengine uhuru alioupewa yeye. Pingamizi hili lakini linadai maelezo ya ziada, halidai neno jipya. Na ushahidi wa thamani ya neno upo katika Jambo OpenOffice yenyewe. Wataalamu wa Dar es Salaam hawakumwomba mtu ruhusa ya kuitia programu Kiswahili. Programu ya kampuni iliyofungwa huvaa Kiswahili siku mwenyewe aonapo faida, na huvuliwa siku aonapo hasara. Programu huria huvaa Kiswahili kwa haki iliyomo ndani ya leseni, na haki hiyo haina haja ya hisani ya mtu.

Wazi

Neno la pili ndilo lenye matatizo. Mtu anapotafuta tafsiri ya kile kiwango cha hati kilichochapishwa kwa wote, tafsiri inayojileta yenyewe ni hati wazi, au kiwango wazi cha hati. Inafaa kutazama neno wazi linafanya kazi gani katika lugha.

Mlango u wazi maana yake haukufungwa na yeyote aweza kuingia. Nafasi ya kazi iko wazi maana yake haina mwenyewe. Mtu aliye kichwa wazi hakujifunika. Siri ikiwa wazi imekwisha kuwa si siri. Na barua ya wazi, ambayo magazeti huichapisha mara kwa mara, ni barua iliyoandikwa kwa mtu mmoja ili isomwe na watu wote. Katika mifano hii yote wazi lina maana ya kukosa kifuniko. Hivyo msomaji anayekutana na hati wazi kwa mara ya kwanza, naye anaijua barua ya wazi, ana haki ya kufahamu kwamba hati hiyo inasomwa na yeyote apendaye. Mkuu wa idara anayehifadhi alama za wanafunzi, au daktari anayehifadhi maelezo ya wagonjwa, akiambiwa azihifadhi kama hati wazi, atakataa, na kwa maana aliyoipata kutoka katika lugha yake atakuwa hakukosea.

Chanzo cha mkanganyiko ni kwamba neno hati lenyewe lina maana mbili. Hati ni mwandiko, kama isemwapo kuwa mtu ana hati nzuri, au kwamba utenzi umeandikwa kwa hati ya Kiarabu. Hati ni waraka pia, kama hati ya nyumba au hati ya mashtaka. Uwazi unaozungumzwa katika ODF ni wa hati kwa maana ya kwanza. Kilichochapishwa ni namna ya kuandika: alama gani huonyesha aya, alama gani huonyesha jedwali, maandishi ya chini ya ukurasa hukaa wapi. Siri, ikiwapo, ni ya hati kwa maana ya pili.

Historia ya fasihi ya Kiswahili inatoa mfano ulio dhahiri. Kwa karne nyingi Waswahili waliandika kwa herufi za Kiarabu. Herufi hizo zilikuwa mali ya kila aliyepitia chuoni. Hakuna jumbe wala tajiri aliyezimiliki, wala mwandishi hakulipa ada kwa mtu alipoandika alifu. Kwa sababu hiyo nakala ya Utendi wa Tambuka ya mwaka 1728 inasomeka leo kwa yeyote aliyejifunza hati ile, ingawa mwandishi wake na kila aliyemfahamu wamekwisha kufa zamani. Lakini herufi zilezile zilitumika kuandikia barua za biashara na za mapenzi zilizofungwa na kupelekwa kwa mtu mmoja tu. Kujulikana kwa herufi hakukuifungua barua hata moja.

Faili la ODF lina tabia hiyohiyo. Kwa kweli ni kifurushi kilichobanwa chenye mafaili madogo kadhaa: moja la yaliyomo, jingine la mitindo ya maandishi, jingine la maelezo juu ya hati yenyewe. Kiwango kinaeleza kila moja hufanya kazi gani. Kiwango hichohicho kinaeleza pia jinsi ya kuyafunga yaliyomo kwa nywila na usimbaji fiche, na ingawa njia ya kufunga imechapishwa, asiye na nywila hasomi kitu. Basi muundo umetangazwa kwa wote na waraka umebaki siri, na hakuna mgongano wowote baina ya mambo hayo mawili. Mgongano umo katika neno wazi peke yake.

Makala haya yanapendekeza neno bayana. Lipo katika lugha tangu zamani, halibadiliki kwa ngeli, na wasomaji wanalijua. Maana yake si kukosa kifuniko, bali ni kueleweka bila shaka. Zaidi ya hayo lina jamaa zake: kubaini, kubainisha, ubainifu. Kwa kuwa kazi ya kiwango ni kubainisha, neno linapata kitenzi chake bila kuazima kwingine: muundo bayana ni muundo uliobainishwa. Kipimo cha istilahi ni sentensi. Mtu akisema kwamba hii ni hati wazi ya siri, wasikilizaji watacheka. Akisema kwamba waraka huu wa siri umehifadhiwa kwa muundo bayana, amesema jambo la kweli na la kawaida.

Neno hili lina faida nyingine, nayo ni kwamba linatoa kipimo kikali zaidi. Toleo la awali la OOXML lilikuwa na kurasa zaidi ya 6,000, nazo zilichapishwa zote. Hata hivyo, baadhi ya vipengele vyake viliagiza tu kwamba programu ipange maandishi kama toleo fulani la kale la Word lilivyopanga, bila kueleza lilipangaje. Wakosoaji walililalamikia jambo hilo, na marekebisho yakafanywa kabla ya kura ya mwisho. Ukurasa wenye agizo la namna hiyo u wazi kwa kila msomaji, lakini si bayana, kwa sababu anayeijua siri yake ni aliyeitunga programu ya kale peke yake. Anayetumia neno wazi hana pa kuanzia ukosoaji huo. Anayetumia neno bayana anao tayari mdomoni.

Pingamizi laweza kutolewa kwamba bayana halisemi kitu juu ya ruhusa: muundo waweza kueleweka kabisa na bado mwenyewe akadai malipo kwa kila anayeutumia. Hoja hii ni sahihi. Lakini sehemu hiyo ya pili inayo istilahi yake, nayo ni huria. Panapohitajika ukamilifu wa kisheria, kama katika zabuni au sera ya taasisi, isemwe kiwango bayana na huria. Katika mazungumzo ya kawaida bayana litatosha.

Faragha

Neno la tatu limekwisha kuenea, wala hakuna sababu ya kulibadilisha. Limo katika kichwa cha ibara ya 16 ya Katiba ya Tanzania, na mtumiaji wa simu hukutana nalo kila anapotakiwa kukubali masharti. Katiba ya Kenya ya 2010 inailinda haki hiyo katika kifungu cha 31, na Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inaitekeleza. Tanzania ilitunga Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi mwaka 2022. Swali ni kama neno linabeba yote linayobebeshwa.

Katika matumizi ya asili faragha ni kujitenga. Watu huzungumza kwa faragha, au huenda faraghani, yaani mahali ambapo wengine hawapo. Faragha ya namna hii hulindwa kwa umbali na kwa ukuta. Ndiyo maana neno hili halimtahadharishi vya kutosha mtu aliyekaa peke yake chumbani mbele ya kompyuta. Kwa fahamu ya zamani yeye yumo faraghani. Kwa hali halisi huenda hayumo.

Mifano miwili yatosha. Februari 2003 serikali ya Uingereza iliweka katika tovuti yake taarifa juu ya Irak ikiwa faili la Word. Baada ya miezi michache ilionyeshwa kwamba ndani ya faili hilo, mahali ambapo jicho la msomaji wa kawaida halifiki, mlikuwa na kumbukumbu ya majina ya watumishi waliolishughulikia. Hati ilisema iliyoambiwa iseme, kisha ikasema na ya nyongeza. Mfano wa pili ni wa mwaka 2018. Wizara ya Sheria ya Uholanzi iliagiza uchunguzi wa programu za ofisi za Microsoft, na taarifa ya uchunguzi huo ikasema kwamba programu hizo zilikuwa zikipeleka kwa kampuni habari za matukio ya aina 23,000 hadi 25,000 kuhusu matumizi yake, bila mtumiaji kuelezwa ipasavyo. Baada ya mazungumzo na serikali hiyo kampuni ilifanya mabadiliko na kuwapa watumiaji njia za kuzipunguza habari hizo. Katika mifano yote miwili hakuna aliyevunja ukuta, wala hakuna aliyesogea karibu. Mwandishi alikuwa peke yake, na bado hakuwa na faragha.

Hapa ndipo utamaduni wa Waswahili unapoweza kulisaidia neno. Nyumba ya Mswahili haikulindwa kwa ukuta tu. Katika nyumba za mawe za Lamu mgeni hupokewa dakani, na kila hatua ya kuelekea ndani ina watu wake wanaostahili kuifika. Anayetaka kuingia hupiga hodi. Asipojibiwa hurudia, na asipokaribishwa huondoka. Mlango waweza kuwa wazi kabisa, na hodi bado ni lazima. Kwa hiyo msingi wa faragha katika adabu hii ni kuombwa idhini. Mtu aliyekaribisha wageni kumi hajapoteza faragha yake, na mtu aliyechunguliwa na mmoja asiyebisha hodi ameipoteza.

Faragha ikifafanuliwa hivyo, istilahi yaweza kutumika kuzihakiki programu kwa haki. Programu inayopeleka habari za mtumiaji bila kumwuliza haikupiga hodi, hata kama habari hizo ni ndogo na nia ni njema. Programu inayouliza kwa kurasa arubaini za masharti yasiyosomeka imepiga hodi kwa lugha ambayo mwenye nyumba haielewi, na akijibu karibu hakujua anamkaribisha nani. LibreOffice haimdai mtumiaji afungue akaunti ili aandike, na humwachia uamuzi wa kupeleka au kutopeleka taarifa za matumizi yake. Kwa kipimo hiki imefanya adabu.

Lakini uhakiki wa haki hauwezi kukomea hapo. Faili la ODF, pamoja na ubainifu wake wote, nalo laweza kubeba jina la aliyelianzisha, tarehe, idadi ya mara lilizohaririwa na muda uliotumika. Tofauti ni kwamba mahali pa kukaa habari hizo pamebainishwa, na anayetaka kuziona au kuzifuta aweza kufanya hivyo. Kadhalika, hati iliyoandikwa kwa programu huria ikawekwa katika seva ya mtu asiyejulikana haina faragha zaidi ya nyingine. Programu huria hurahisisha kumwona mchunguliaji, kwa kuwa msimbo wake husomwa na wengi. Haimzuii mtu kumfungulia mlango mchunguliaji kwa mkono wake mwenyewe. Wanaotangaza programu hizi kana kwamba huria na faragha ni neno moja wanawadhulumu wasomaji wao.

Matokeo kwa idara za lugha

Yaweza kudhaniwa kwamba haya ni mambo ya wahandisi. Sivyo. Idara za lugha za Kiafrika zinahifadhi mali ya namna mbili, na kila moja inadai neno lake.

Mali ya kwanza ni kumbukumbu: tasnifu, rasimu za kamusi, diwani zilizonakiliwa kutoka kwa watu waliokwisha kufa. Hizi zinadai muundo bayana. Muyaka bin Haji wa Mombasa alifariki mwaka 1840, na tungo zake zikafika mikononi mwa wasomi mwishoni mwa karne hiyo zikiwa zimeandikwa kwa hati iliyojulikana na wengi. Kinyume chake kilionekana mwaka 2007, ambapo nyongeza ya programu ya Office 2003 iliifunga baadhi ya miundo ya kale isifunguliwe, ikiwa ni pamoja na ya matoleo ya zamani ya kampuni hiyohiyo, kwa sababu za usalama. Waliotaka kusoma kazi zao za zamani iliwabidi kubadili mipangilio ya ndani ya kompyuta. Sababu iliyotolewa yaweza kuwa ya kweli, lakini jambo lililodhihirika ni kwamba ufunguo wa maandishi ya mtu ulikuwa mfukoni mwa mwingine. Idara inayohifadhi tasnifu kwa muundo uliofungwa imempa mgeni ufunguo wa maktaba yake.

Mali ya pili ni amana: sauti na maandishi yaliyokusanywa nyanjani kutoka kwa watu waliotaja majina yao, ndoa zao, magonjwa yao na ugomvi wao wa mashamba, kwa ahadi kwamba hawatatajwa. Hizi zinadai faragha kwa maana ya hodi. Bibi aliyeimba nyimbo za unyago mbele ya mtafiti mmoja alimkaribisha mtafiti huyo peke yake. Hakuikaribisha kampuni yenye seva ng'ambo. Sheria ya Kenya ya 2019 ina masharti maalumu juu ya kupeleka data za watu nje ya nchi, na mtafiti wa lugha hana msamaha wa kutoijua.

Idara ikiwa na neno moja tu, wazi, kwa mali zote mbili, itafanya moja ya makosa mawili: itazifunga kumbukumbu ikidhani inalinda siri, au itazianika amana ikidhani inaendeleza elimu. Idara yenye maneno matatu yaliyopambanuliwa itaweza kuandika sera fupi inayoeleweka: programu iwe huria, muundo uwe bayana, na amana za watu zisiguswe bila hodi.

Hitimisho

Kazi iliyofanyika Dar es Salaam mwaka 2004 ilithibitisha kwamba Kiswahili chaweza kuingia katika programu za ofisi kwa haki yake chenyewe. Kazi iliyobaki ni ya uchambuzi wa maana. Huria lidumishwe, maana linauweka uhuru mahali pake, kwa mtumiaji. Wazi liachwe kwa milango na barua za magazetini, na bayana lichukue kazi ya kutaja miundo na viwango. Faragha libaki, na mafunzo yake yaanzie kwenye hodi badala ya ukuta. Kamati za istilahi zinapokutana tena kuyazungumzia mambo ya kompyuta, kila neno linalopendekezwa na lijaribiwe katika sentensi ambayo mwenye mali ataisema siku anapotaka kujua mali yake iko wapi, nani anaisoma, na kwa ruhusa ya nani.